Kivoi wa Mwendwa na Chuma cha Ukambani

Kila inapoandikwa historia ya Ukambani katika karne ya 19, jina la Kivoi wa Mwendwa halikosi kutajwa. Alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, mwenyeji wa Kitui, aliyeongoza misafara ya mamia ya watu hadi Mombasa. Jamii yake ilikuwa imetoka Mbooni, iliyoko Makueni ya leo, ikavuka mto Athi na kuenea Kitui. Makala haya yanashikilia kwamba umaarufu wake hauelezeki bila kumtaja mhunzi.

Ndovu aliangushwa kwa mshale wa sumu, na kigumba chake kilifuliwa na wahunzi waliokusanya mchanga wa chuma vijitoni, wakauchoma tanurini kwa makaa na mivukuto. Chuma cha aina hiyo kwa kawaida huwa na kaboni kidogo. Ni laini, hupinda kabla ya kuvunjika, na hata kikitumbukizwa majini kingali chekundu hakiwi kigumu sana. Kikikaa muda mrefu ndani ya makaa yenye moto mkali, kaboni hupenya juujuu. Hapo maji hukipa ngozi ngumu isiyolika upesi, moyo wake ukibaki laini. Kigumba hakikuhitaji ugumu mwingi, kwani kazi ya kuua ilikuwa ya sumu. Jembe na shoka ndivyo vilivyolika kwa mchanga na kwa miti.

Mwaka 1849 Kivoi alimkaribisha Kitui mmishenari Ludwig Krapf na kumweleza habari za mlima wenye theluji. Krapf aliuona tarehe 3 Desemba, ingawa wataalamu wa Ulaya walimshuku. Mnamo Agosti 1851 wawili hao walifunga safari kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi wenye pinde na mishale waliwavamia, Kivoi akauawa. Krapf alinusurika, akabeba maji ya kunywa ndani ya mtutu wa bunduki yake.

Kwa hiyo, biashara iliyomkuza Kivoi ilisimama juu ya fuawe, na silaha zilizomwandama mwishoni zilikuwa za jamii ile ile aliyoitegemea. Jina lake limehifadhiwa katika maandishi ya Krapf. Majina ya wahunzi hayakuandikwa. Ni wajibu wetu wanafunzi wa lugha kukusanya istilahi za uhunzi kutoka kwa wazee wa Kitui na Makueni kabla hazijatoweka.