Abdus Salam na Bahari Mbili za Kiwayu

Kiwayu ni kisiwa chembamba kilichojinyoosha sambamba na pwani, upande wa kaskazini-mashariki wa funguvisiwa la Lamu. Mgongo wake ni matuta ya mchanga, na apandaye juu yake huona bahari mbili. Mashariki ni bahari kuu, yenye mawimbi yavunjikayo miambani kwa kishindo. Magharibi, kuelekea bara, ni mkondo wa maji matulivu uliopakana na mikoko. Mgeni angeweza kuapa kwamba hayo ni maji mbalimbali. Nahodha aliyeizunguka ncha ya kisiwa hadanganyiki: anajua kwamba maji ni yale yale, na kilichoyapa sura mbili ni mchanga. Kwa asiye mwanafizikia, hii ndiyo njia fupi ya kuifikia kazi ya Abdus Salam, mtu aliyekulia mbali na bahari yoyote.

Salam alizaliwa tarehe 29 Januari 1926 katika jimbo la Punjab, akakulia Jhang, mji mdogo uliomo leo katika nchi ya Pakistani. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu, si tajiri. Alipokuwa na umri wa miaka 14 mtoto huyo aliongoza mtihani wa Chuo Kikuu cha Punjab, na wenye maduka wa Jhang wakatoka nje kumlaki. Mwaka 1946 alipata ufadhili wa kwenda Cambridge, uliotokana na fedha zilizochangwa kwa ajili ya vita na zikabaki vita vilipokwisha. Mwaka uliofuata India iligawanyika, na ufadhili huo ukafa. Angechelewa kidogo tu, pengine historia ya fizikia isingemjua.

Huko Cambridge aliingia katika nadharia ya uga wa kwanta. Neno uga, ambalo kwa Mswahili ni kiwanja kilicho wazi mbele ya nyumba, wanasayansi wameliazima kwa maana ya kitu kilichoenea pote na chenye nguvu kila mahali. Nadharia hiyo husema kwamba elektroni si punje ndogo ielealeayo peke yake. Ulimwengu mzima umejaa uga wa elektroni, na kila elektroni ni mtikisiko wa uga huo, kama wimbi lilivyo mtikisiko wa bahari. Nuru nayo ina uga wake. Wimbi haliwezi kuchotwa likatenganishwa na maji. Tofauti ni kwamba mitikisiko hii huhesabika: mmoja, au miwili, kamwe si mmoja na nusu. Ndiyo maana elektroni zote hufanana kabisa, kwa kuwa zote ni za bahari moja. Tatizo la wakati ule lilikuwa kwamba hesabu za nadharia hiyo zilitoa majibu yasiyo na kikomo, na utafiti wa Salam wa shahada ya uzamivu ulisaidia kuonyesha namna ya kuyaondoa.

Mwaka 1951 alirudi nyumbani kufundisha Lahore, na hapo ndipo ilipo sehemu chungu ya maisha yake. Hapakuwa na mwenzake wa kujadiliana naye, majarida mapya hayakufika, na mkuu wake alimtaka achague kazi ya ziada; akachagua kuifunza timu ya kandanda. Kisha mwaka 1953 ghasia ziliwakumba Waahmadiyya wa Lahore, naye alikuwa mmoja wao. (Ni jumuiya hiyo hiyo iliyochapisha Nairobi, mwaka 1953, tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili.) Ilimbidi achague kati ya fizikia na nchi yake. Mwaka 1954 alirudi Cambridge, na mwaka 1957 akawa profesa katika Chuo cha Imperial, London.

Kazi iliyompa jina ilihusu kani mbili. Sumakuumeme hufika mbali na ndiyo iletayo nuru. Kani dhaifu hufanya kazi katika umbali mfupi sana tu, husababisha baadhi ya viini kuoza, na bila hiyo jua lisingewaka kama liwakavyo. Hakuna vitu vinavyoonekana kutofautiana zaidi ya hivyo. Sheldon Glashow alitangulia mwaka 1961 kuonyesha namna zinavyoweza kuunganishwa. Steven Weinberg mwaka 1967, na Salam mwaka 1968, kila mmoja kwa njia yake, waliongeza lile lililokosekana: uga wa Higgs, uliojaa pote, unaozipa tungamo chembe zinazobeba kani dhaifu na kuiacha fotoni bila tungamo. Uga huo ndio mchanga wa Kiwayu. Mwanzoni kabisa mwa ulimwengu, kulipokuwa na joto lisilokadirika, tuta lilikuwa halijainuka.

Ushahidi ulikuja kwa hatua. Mwaka 1973 maabara ya CERN iliona dalili za kwanza. Mwaka 1979 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel, na Salam akaipokea akiwa amevaa kilemba. Mwaka 1983 chembe zenyewe zilipatikana, moja ikiwa na tungamo takriban mara 86 ya protoni na nyingine mara 97. Chembe ya Higgs ilisubiri hadi mwaka 2012.

Upweke wa Lahore hakuusahau. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia huko Trieste, Italia, ili mwanasayansi wa nchi maskini aweze kwenda kwa miezi michache, akasoma na kujadiliana, kisha akarudi kwao bila kulazimika kuhama. Waafrika wengi wamepita hapo. Tangu mwaka 2018 kituo hicho kina mshirika Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda.

Mwaka 1974 bunge la Pakistani lilitangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu, na Salam akajiuzulu ushauri wa sayansi wa serikali. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Rabwah, katika ardhi ya Punjab. Jiwe la kaburi lake lilimtaja kuwa Mwislamu wa kwanza kupata Nobel kwa kazi yake ya fizikia. Baadaye neno Mwislamu lilifutwa, na pengo lake likaachwa katikati ya sentensi.