Kadhi Aliyekwenda Istanbul

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, wengi wetu tuliishia Serikalini, na uzito wa barua ya uteuzi tunaujua. Basi na tumkumbuke Sayyid Ahmed bin Abubakar bin Sumait.

Alizaliwa 1861 huko Itsandraa, Ngazija, na katika ujana wake alikuwa nahodha wa jahazi. Sayyid Barghash alimteua kadhi wa Unguja hali bado kijana. Baadaye wakakhitilafiana. Zama zile kadhi aliyemuudhi Mfalme hakuwa na pa kukata rufaa, wala hapakuwa na Kamisheni ya Utumishi! Sayyid Ahmed akafunga safari akenda zake Istanbul, akapokewa na Sayyid Fadhl Pasha, na Sultani Abdulhamid akamtunuku nishani. Alipita pia Misri na Makka kutafuta elimu.

Barghash alifariki 1888. Sayyid Khalifa akamrejesha Sayyid Ahmed kwenye ukadhi, naye akaushika mpaka mwisho wa umri wake, chini ya masultani sita. Himaya ya Waingereza iliingia 1890. Mishahara ikapitia afisi zao, na polepole kadhi akaachiwa zaidi mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Yeye hakuacha kusomesha. Kwa maoni yangu, darsa zake zimeishi kuliko hukumu zake: miongoni mwa waliosoma kwake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa.

Alifariki 1925, mwaka mmoja na sahibu yake Sheikh Abdalla Bakathir, akazikwa Malindi kando ya Msikiti Ijumaa. Mwanawe, Sayyid Omar, naye alikuja kuwa kadhi wa Unguja.