Micombero: rais asiye na kikomo

Michel Micombero alizaliwa Rutovu, Bururi, mwaka 1940. Novemba 1966, akiwa kapteni wa miaka 26 tu, aliuondoa ufalme na kujitangaza rais.

Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, ukaua Watutsi wengi. Serikali ilijibu kwa kuua Wahutu makumi ya maelfu, na watu wa mwambao wakavuka ziwa kukimbilia Kigoma. Kwingine kiongozi angeulizwa kwenye kura. Katiba ya 1974 ilibakiza UPRONA peke yake, hivyo njia ikabaki bunduki: Bagaza alimpindua Novemba 1976.

Alifariki Mogadishu mwaka 1983, miaka 17 kabla ya Mkataba wa Arusha kuweka kikomo cha mihula miwili.