Drusilla Namaganda, malkia aliyeipa gomesi heshima

Ukiingia Arua kutoka Pajulu siku ya harusi, utawakuta akina mama wamevaa gomesi, mshipi mpana kiunoni na mabega yaliyochongoka. Muuza vitambaa anajua inataka mita ngapi. Mwanamke aliyeiingiza ikulu hatajwi sana.

Irene Drusilla Namaganda alisoma Gayaza, shule ya wasichana ya wamisionari karibu na Kampala. Hapo ndipo vazi lilipoanzia, mwaka 1905. Wasichana walijifunga nguo ya magome ya mti, nayo ililegea walipoinama au kupiga magoti. Gomes, fundi cherehani Mgoa wa Kampala, akaombwa awashonee vazi la kuwasitiri, na jina lake likabaki kwenye nguo.

Mwaka 1914 Daudi Chwa alitimiza umri, akatawazwa Kabaka, na mwaka huohuo akamwoa Drusilla. Katika sherehe hizo Drusilla alionekana amevaa gomesi, na sare ya shule ikageuka vazi la heshima. Ni mwaka huohuo West Nile, iliyokuwa imepita mikononi mwa Leopold wa Ubelgiji kisha Sudan, ilipowekwa chini ya Uganda.

Miaka ya 1930 washonaji wa Paris walikuwa wakijaza mabega ya makoti ya kike ya majira ya baridi. Makoti ya namna hiyo huyaona hata leo kwenye marobota ya mitumba. Hapa kwetu hakuna theluji, lakini mvaa gomesi naye hujifunga kikoyi ndani, si kwa baridi bali ili kitambaa kisishike mwilini.

Daudi Chwa alifariki mwaka 1939. Mwana wao, Mutesa, akachaguliwa Kabaka akiwa na miaka 15, na Drusilla akawa Namasole, mama wa mfalme. Kwa mila, Namasole haolewi tena. Drusilla alikuwa bado na nguvu zake, akataka mume, tena mtu wa kawaida. Mwaka 1941 kanisa lilikubali ndoa hiyo, na Katikkiro Martin Luther Nsibirwa akamuunga mkono. Buganda ikachafuka. Nsibirwa alilazimika kujiuzulu, na Drusilla akavuliwa cheo. Kwangu mimi, adhabu ile ilizidi kosa.

Alifariki mwaka 1957. Gomesi ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya Buganda.