Petey Greene: Mfungwa Aliyegeuka Sauti ya Mji



Ni desturi ya gazeti hili kuwaletea wasomaji maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki, ili wanafunzi wapate kielelezo na sisi wazee tupate la kubishania wakati wa chakula. Kwa kawaida huchaguliwa mtu aliyepanda ngazi ya elimu hadi kileleni. Safari hii zamu ni yangu, nami nimemchagua mtu aliyeacha shule katika darasa la tisa, akatumia heroini, akawa mlevi, akapora kwa silaha, akafungwa jela. Naomba msilifunge gazeti. Nimefundisha historia miaka mingi, na nimeona kwamba maisha ya watu wanyofu tangu utotoni hutufunza machache kuliko maisha ya mtu aliyepotea kisha akaiona njia.

Mtu huyo ni Ralph Waldo Greene, ambaye watu wote walimwita Petey. Alizaliwa tarehe 23 Januari, 1931, katika mji wa Washington, makao makuu ya Marekani. Alilelewa na bibi yake katika umaskini. Wahenga wamesema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa kijana yule ulikuwa mwalimu mkali. Alipoacha shule alijiunga na jeshi, akapelekwa katika vita vya Korea akiwa mhudumu wa majeruhi. Aliporudi alikuwa na tabia ya heroini na pombe. Mwaka 1960 alishtakiwa kwa wizi wa kutumia silaha, akahukumiwa kifungo cha miaka kumi katika gereza la Lorton, lililokuwa katika jimbo la Virginia lakini likiwapokea wafungwa wa Washington.

Humo gerezani ndimo kipaji chake kilimotokea. Lorton ilikuwa na vipaza sauti vya kuwatangazia wafungwa, naye akapewa kazi ya kupiga santuri na kuzungumza kwa muda mfupi asubuhi na jioni. Wafungwa hawapendi kudanganywa. Wanajua mara moja nani anasema la moyoni na nani anasema la kumpendeza mkuu wa gereza. Greene alijifunza mbele ya wasikilizaji hao wagumu, na nadhani hakuna chuo cha utangazaji ambacho kingempa mtihani mzito kuliko huo.

Mwaka 1966 mfungwa mmoja alipanda juu ya mnara wa tangi la maji, akatishia kujitupa. Greene alimsemesha mpaka akashuka, na jambo hilo likamsaidia kuachiliwa kabla ya muda wake. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa akisimulia, huku akicheka, kwamba ndiye aliyempanga mwenzake apande. Siandiki haya ili vijana wayaige. Nayaandika kwa kuwa mwenyewe hakuyaficha, na tabia hiyo ya kutokuficha ndiyo iliyomfanya Petey Greene kuwa Petey Greene.

Sasa yafaa tuutazame mji aliorudi. Washington ni mji wa Ikulu na Bunge la Marekani, lakini katika miaka ile zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Wamarekani Weusi, na mji wenyewe haukuwa na haki ya kujitawala. Wakazi walipiga kura ya kumchagua rais kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Meya wa kuchaguliwa hawakuwa naye hadi uchaguzi wa mwaka 1974. Walitunga sheria watu wengine, na wenye mji wakakaa pembeni. Sheria ya haki za raia ilikuwa imepitishwa mwaka 1964, na ile ya haki ya kupiga kura mwaka 1965, lakini mtu wa mtaani bado aliishi katika nyumba mbovu, alikosa kazi, na alimwogopa polisi.

Mahali kama hapo, redio haikuwa chombo cha muziki peke yake. Mwezi Agosti 1967, katika mji wa Atlanta, Dakta Martin Luther King aliwahutubia watangazaji Weusi waliokuwa na mkutano wao, akawashukuru. Aliwaambia kwamba mapambano yasingefika pale bila wao, akawakumbusha jinsi watangazaji walivyowasaidia vijana wa Birmingham katika maandamano ya mwaka 1963. Gazeti huenda halikufika mtaani, na televisheni ilikuwa ya wakubwa, lakini redio ilisikika jikoni, kwa kinyozi na ndani ya teksi.

Kituo kimojawapo hapo Washington kiliitwa WOL. Wamiliki wake walikuwa Wazungu, ila wasikilizaji wake walikuwa Weusi. Alikuwako pale kijana Mweusi aitwaye Dewey Hughes, ambaye katika mwaka ule ule wa 1966 alimpa Greene nafasi mbele ya maikrofoni. Tufikirie ujasiri wa kijana huyo. Kumpa kazi mtu aliyetoka jela juzi, tena kazi ya kusema hewani ambako neno likishatoka halirudi, ni kuiweka kazi yako mwenyewe rehani. Wengi wetu tuliofika vyeoni tumepata kuombwa nafasi na mtu mwenye doa. Nimewaza mara nyingi ni wangapi tungefanya alivyofanya Hughes.

Kipindi cha Greene kilikuwa cha mazungumzo. Alizungumza kwa Kiingereza cha mtaani, kile kile cha wasikilizaji wake, bila kukipiga pasi. Aliwasema wanasiasa wa rangi zote. Aliwasema Wazungu wabaguzi, kisha akageuka akawasema Weusi waliopata kipato wakawasahau wenzao. Alipozungumzia heroini hakuhubiri kama kasisi, maana alikuwa ameitumia. Alipozungumzia jela alikuwa ametoka huko. Pamoja na wenzake alianzisha chama cha kuwasaidia waliotoka kifungoni wapate kazi na mahali pa kulala, na pia alifanya kazi katika United Planning Organization, shirika la kupambana na umaskini katika mji huo.

Kisha ikaja tarehe 4 Aprili, 1968. Jioni ile Dakta King alipigwa risasi huko Memphis, akafa. Habari ilipofika Washington, watu walikusanyika katika njia panda ya Barabara ya 14 na U, kitovu cha biashara na starehe za Weusi. Kwanza walipita wakiwataka wenye maduka wafunge kwa heshima ya marehemu. Kisha vioo vikaanza kuvunjwa, na baada ya vioo ukafuata moto. Ghasia ziliendelea mpaka tarehe 8. Serikali ilileta askari zaidi ya 13,000. Watu wapatao 13 walikufa, zaidi ya 6,000 walikamatwa, na mitaa mizima iliteketea. Sehemu nyingine zilibaki magofu kwa miaka mingi.

Katika siku hizo Greene alikuwa hewani. Hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Alikuwa na hasira kama wasikilizaji wake, na kama angetaka, sauti yake ingeweza kuongeza kuni motoni. Palikuwa na watu waliongoja neno kama hilo. Yeye aliwasihi watu watulie na warudi majumbani. Nisije nikamtukuza kupita kiasi: mtu mmoja hakuuzima moto ule, na takwimu nilizozitaja zaonyesha. Lakini wakazi wa Washington wameendelea kumkumbuka kuwa mmoja wa waliosaidia kuwatuliza watu, na heshima hiyo hakuipata kwa cheo.

Tujiulize, kwa nini walimsikiliza? Meya alisema, wachungaji walisema, rais Lyndon Johnson alisema. Wote hao walisema maneno mema, lakini mtu mwenye uchungu husikia neno jema la mkubwa kama amri ya kunyamaza. Greene alikuwa amewaambia watu ukweli kwa muda wa miaka miwili, pamoja na ukweli mchungu juu yake mwenyewe. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amenunuliwa, wala kwamba hajui taabu. Imani ile alikuwa ameiweka kama akiba, shilingi kwa shilingi, na siku ya dhiki aliichukua yote akaitumia kwa kuokoa watu. Laiti angekuwa amezoea kuwadanganya siku za amani, asingekuwa na kitu cha kutoa siku ile.

Baadaye aliingia katika televisheni. Kuanzia mwaka 1976 hadi 1982 alikuwa na kipindi chake katika kituo cha WDCA, akashinda tuzo mbili za Emmy za eneo lake. Katika kipindi kimoja ambacho watu hukitazama hadi leo, alikaa na tikitimaji mezani akaonyesha jinsi ya kulila. Kwetu hilo ni tunda tu. Huko Marekani wabaguzi walikuwa wamelifanya tusi la kumdhihaki mtu Mweusi, hata baadhi ya Weusi wenye vyeo wakaona haya kulila hadharani. Greene alilila mbele ya kamera kwa raha zake. Aliyecheka alicheka, lakini aliyefikiri aliona kwamba aibu ile iliwekwa na mtu mwingine, na kwamba inaweza kukataliwa.

Mwezi Machi 1978 alialikwa Ikulu, katika karamu ambayo Rais Carter alimwandalia Rais Tito wa Yugoslavia. Aliyekuwa mfungwa wa Lorton akaketi pamoja na wakuu wa nchi. Naye, kwa kuwa ni Petey Greene, aliporudi aliwachekesha watu kwa kudai kwamba alitoka na kijiko cha Ikulu mfukoni.

Pombe ilimsumbua kwa muda mrefu wa maisha yake, na mimi sitaifunika. Alifariki kwa saratani tarehe 10 Januari, 1984, siku chache kabla ya kutimiza miaka 53. Maelfu ya watu walipanga foleni katika baridi ya Januari ili kumwaga. Mwaka 2007 ilitoka filamu juu ya maisha yake iitwayo Talk to Me, ambamo Don Cheadle aliigiza kama Greene. Filamu ni filamu, hupunguza hapa na kuongeza pale, lakini iliwajulisha wengi nje ya Washington jina ambalo mji ule haukuwa umelisahau.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lingenitosha kumchagua. Zaidi ya miaka ishirini baada ya kifo chake, huko Princeton, mojawapo ya vyuo vikuu maarufu vya Marekani, palianzishwa mpango wa kuwapeleka wanafunzi magerezani kwa kujitolea ili wawafundishe wafungwa masomo. Mpango huo ulipewa jina la Petey Greene. Mtu aliyeacha shule katika darasa la tisa sasa jina lake ni shule kwa watu waliosahauliwa.

Basi nyinyi wanafunzi, mnaposimama katika mdahalo wenu wa kila wiki, mtafundishwa kupanga hoja na kutamka vizuri, na hayo ni mema. Lakini mjue kwamba ufasaha peke yake haumfanyi mtu asikilizwe siku ya moto. Na sisi wazee, tuwatazame vijana wa mitaani kwetu waliotoka jela au walioacha shule. Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli. Hata hivyo Greene alikuwa na miaka 35 Hughes alipompa kazi.