Tabibu wa Saraqusta na Mishipa ya Fahamu

Mji wa Zaragoza, katika nchi ya Uhispania, ndio ule ambao Waislamu wa Andalus waliuita Saraqusta, na ndiko alikozaliwa mwanafalsafa Ibn Bajja. Ulitutoka mikononi mwaka 1118. Twautaja kwa kuwa zaidi ya miaka mia saba baadaye alisomea humo utabibu mtu ambaye khabari zake twataka kuzieleza, naye ni Santiago Ramón y Cajal. Hakuwa Mwislamu, na huenda baadhi ya ndugu zetu wakatulaumu kwa kumpa nafasi katika karatasi hii. Lakini tumeamrishwa tuzitazame nafsi zetu tuone kazi ya Muumba, na mtu huyu aliitazama sehemu iliyofichika kabisa.

Alizaliwa mwaka 1852 katika kijiji cha Petilla. Babake alikuwa tabibu mkali. Mwana naye alikuwa mtundu, mtoro wa masomo, hapendi ila kuchora. Akatiwa kwa kinyozi na kwa mshona viatu ajifunze kazi. Kisha babake akamchukua makaburini kuokota mifupa, akamsomesha kwayo umbo la mwili. Tendo hilo hatulisifu, ila ndipo kijana alipojua kuwa mkono wake wa kuchora una faida. Mwaka 1874 jeshi lilimpeleka Cuba, akarejea mwaka uliofuata amekondeshwa na malaria.

Zama hizo wataalamu wengi wa Ulaya waliitakidi kuwa ubongo na uti wa mgongo ni wavu mmoja, nyuzi zake zimeungana zote bila ya mwanzo wala mwisho. Miongoni mwao alikuwa Mtaliana Camillo Golgi, ambaye mwaka 1873 alivumbua njia ya kuzitia rangi seli za fahamu kwa chumvi ya fedha. Ajabu ya rangi hiyo ni kuwa hushika seli chache tu, lakini ikiishika moja huitia weusi mpaka ncha ya tawi la mwisho. Cajal alionyeshwa jambo hilo Madrid mwaka 1887 na tabibu Luis Simarro, na tokea hapo hakutulia.

Alikwenda Barcelona, akairudia rangi ile mara mbili juu ya kipande kimoja, na akachagua vifaranga na wanyama wachanga ambao nyuzi zao hazijavikwa bado ala ya mafuta. Mwaka 1888 akaona katika hadubini kuwa kila seli imesimama peke yake. Ina kiwiliwili, ina matawi, na ina uzi mmoja mrefu. Ncha za uzi huo hukaribia seli ya jirani wala haziungani nayo. Baadaye akabainisha kuwa khabari huingia kwa matawi na hutoka kwa ule uzi.

Nani angemsikia? Alipiga chapa jarida kwa fedha zake mwenyewe, nakala 60, na wenye elimu hiyo hawakijui Kihispania. Basi mwaka 1889 akasafiri mpaka Berlin na hadubini yake, akawaomba wakubwa wachungulie. Albert von Kölliker, mzee wa miaka 72 aliyekuwa akiunga mkono rai ya wavu, akachungulia. Akaiacha rai yake, na akajifunza Kihispania ili amsome kijana huyo. Sisi tunaoona haya kuiacha kauli ya mwalimu wetu hata dalili ikitudhihirikia, tungemtazama sana mzee huyu.

Golgi hakuiacha. Mwaka 1906 walipewa pamoja tuzo ya Nobel huko Stockholm, na katika hotuba yake aliipinga kazi ya mwenziwe aliyeketi hapo hapo.

Cajal alifariki Madrid mwaka 1934. Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha mwanya ulioko baina ya seli na seli, upana wake kiasi cha sehemu 20 za milioni ya milimita. Insafu yatulazimu kuongeza kuwa ziko seli zilizounganishwa kwa vijia vidogo mno vipitishavyo umeme, na kwamba lau si rangi ya Golgi, Cajal asingeona kitu.