Mary McMillan na Cheti cha Kuwatibu Majeruhi

Hapa Bujumbura, askari aliyevunjika mguu hukabidhiwa mtaalamu wa tiba ya viungo, yule ambaye wengi wetu humwita kine. Ni wachache wanaomjua mama aliyeifungulia njia kazi hiyo jeshini.

Mary McMillan alizaliwa Marekani mwaka 1880, akalelewa na kusomea Liverpool, Uingereza. Mwaka 1918, majeruhi wa Vita Kuu walipozidi, alijiunga na Jeshi la Marekani na kutumwa Hospitali ya Walter Reed. Mwaka huohuo alifundisha wanawake katika Chuo cha Reed, nao wakaenda kuwafunza majeruhi kutembea upya. Mwaka 1921 waliunda chama cha kulinda viwango vya kazi yao, naye akawa rais wa kwanza. Baadaye alifundisha Peking. Vita vya Pili vikamkuta Manila, Wajapani wakamweka kizuizini. Alifariki mwaka 1959.

Chama chake hakikulala. Mwaka 1978 kilianzisha bodi ya ubingwa, na mwaka 1985 mabingwa wa kwanza wakapewa vyeti. Vyeti hivyo havidumu maisha: katika kila kipindi cha miaka 10, bingwa sharti athibitishe upya kwamba ujuzi wake haujachakaa.

Sisi askari tunalielewa jambo hilo. Aliyepiga shabaha vema siku ya kuhitimu hurudishwa uwanjani kupimwa tena. Basi mkono unaounyoosha mguu wa mpiganaji nao upimwe, kwani kosa lake mpiganaji atalichechemea maisha yake yote.